Nina miaka 24, nimefungua akaunti ya kustaafu. Kati ya mifuko hii minne ya fahirisi nibakize upi?

Mwanagenzi24

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo vipi.

Niende moja kwa moja. Nina miaka 24, niko kwenye ajira yangu ya kwanza. Miezi 14 iliyopita nilifungua akaunti binafsi ya kustaafu, ile ambayo hela ikishaingia huigusi mpaka uzeeni, na ukilazimisha unakatwa. Kila tarehe 28 benki inapeleka humo 150 (sarafu tuiache, chukulieni ni 150 tu). Leo salio ni 2,100.

Kwenye programu ya simu nilichagua mifuko minne, kwa kusikia huku na kule:

1. Unaofuata S&P 500 (kampuni kubwa kama 500 za Marekani), ada asilimia 0.07 kwa mwaka
2. Unaofuata MSCI World, ada asilimia 0.20
3. Unaofuata Nasdaq 100 (kampuni kubwa kama 100 za soko la hisa la Nasdaq la Marekani, nyingi za teknolojia), ada asilimia 0.30
4. Wa kampuni za teknolojia za dunia nzima, ada asilimia 0.65

Ninachojua ni kidogo. Fahirisi ni orodha ya kampuni, na mfuko wa fahirisi unanunua orodha nzima kwa uzito wake, hakuna meneja anayekaa kuchagua hii nzuri hii mbaya. Zaidi ya hapo ni giza.

Kazini kuna kaka ananiambia nihamishie kila kitu kwenye namba 3, eti ndiyo iliyokimbia kuliko zote. Shangazi yangu naye anasema hisa ni kamari ya watu wenye tai, ninunue hatifungani (yaani niikopeshe serikali au kampuni kwa riba) nilale usingizi. Wote wawili wananipenda, ndiyo shida.

Je, minne ni mingi? Nibakize upi? Akaunti yenyewe imetulia sana, haijawahi kushuka hata siku moja, kwa hiyo nadhani mpaka hapa sijaharibu. Msinicheke.

---

MpitaNjia

Nimevuta kigoda. Wajuzi pigeni kazi.

---

MbioZaChipu

Huyo kaka wa kazini mpe heshima yake. Una miaka 24, una miaka 40 mbele, unaogopa nini? Chipu, akili mnemba, programu za kila aina, dunia inaelekea huko. Namba 3 yote, funga akaunti, tukutane uzeeni. Hatifungani waachie wastaafu.

---

Kikokotoo

Dada Mwanagenzi24, karibu. Kabla sijasema upi, kuna zoezi nataka ulifanye siku moja ukiwa na nafasi. Kila mfuko una karatasi yake ya taarifa, kurasa mbili hivi, na huwa inasasishwa mara kwa mara. Watu wengi wanaangalia mchoro unaopanda kulia halafu wanafunga. Wewe shuka chini, mpaka penye jedwali la kampuni kumi kubwa ndani ya mfuko. Yaandike majedwali yote manne kwenye karatasi moja, sambamba.

Nimekufanyia nusu ya kazi. Wa kwanza, S&P 500: juu kabisa utakutana na Apple, Microsoft, Nvidia, Amazon, Alphabet, Meta. Wa pili, MSCI World: Apple, Nvidia, Microsoft, Amazon, Alphabet, Meta. Wa tatu, Nasdaq 100: hao hao, ila kila mmoja amenenepa zaidi. Wa nne, wa teknolojia: Nvidia, Microsoft, Apple. Huko Amazon na Alphabet huwezi kuzikuta, na wala si kwa sababu ya utofauti wa maana. Wanaopanga kampuni kwa sekta wameiweka Amazon kwenye kundi la bidhaa za walaji na Alphabet kwenye mawasiliano. Basi.

Kwa lugha nyepesi, umenunua shati lile lile mara nne, na kila duka limekutoza bei yake.

Halafu jina lisikudanganye. MSCI World inaitwa ya dunia, lakini ndani kuna nchi 23 zilizoendelea tu. India haimo, China haimo, Brazil haimo. Na mwisho wa 2024 Marekani peke yake ilikuwa imebeba zaidi ya asilimia 70 ya uzito wake. Kwa hiyo namba 1 yako karibu yote imo ndani ya namba 2. Ukitaka dunia kweli, tafuta mfuko unaofuata MSCI ACWI au FTSE All-World. Hizo zinachanganya nchi zilizoendelea na zile zinazoinukia. Marekani bado itakuwa kubwa humo, karibu theluthi mbili, kwa sababu ndivyo thamani za kampuni zilivyo kwa sasa. Ikipungua kesho, mfuko utapunguza wenyewe, wewe huna kazi ya kufanya.

Sasa ada. Chukua 1,000 uliyoiweka mara moja na kuisahau miaka 40. Tuseme soko linaleta wastani wa asilimia 7 kwa mwaka, ni mfano tu, hakuna aliyekuahidi. Kwa ada ya 0.07 utakuta kama 14,590. Kwa ada ya 0.65 utakuta kama 11,735. Kwa ada ya 1.5, ambayo mifuko ya kuchaguliwa na meneja huitoza bila aibu, unabaki na kama 8,500. Soko ni lile lile, miaka ile ile. Tofauti ya 0.07 na 0.65 inaonekana kama vumbi, lakini imekula karibu mara tatu ya ile 1,000 uliyoanza nayo.

---

MbioZaChipu

Kikokotoo unatisha watu kwa ada. Namba 3 ada yake 0.30 na imewapita wote hao. Mimi nalipa 0.30 kwa furaha.

---

MzeeWaVipande

Kijana MbioZaChipu, kuipita jana si hoja. Machi 2000 fahirisi pana ya Nasdaq ilifika kileleni. Kufika Oktoba 2002 ilikuwa imepoteza asilimia 78. Ilikirudia kile kilele mwaka 2015. Hesabu mwenyewe. Aliyekuwa na miaka 24 wakati ule alifikisha karibu 40 ndipo alipoona namba ileile tena. Na mwaka 2000 nao walikuwa wanasema dunia inaelekea kwenye intaneti. Walikuwa sahihi! Dunia ilielekea kweli. Waliolipia bei ya juu ndio walioumia.

Binti, wewe sikuambii teknolojia ni mbaya. Nakuambia tayari unayo tele ndani ya mfuko mpana. Huhitaji kuiongeza mara ya pili na ya tatu.

Nikueleze na yangu, kwa kuwa nimezeeka na sioni haya tena. Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 42, na nilikuwa nimeweka kila mwezi kwa miaka kumi na moja. Mfuko mzuri, wa S&P 500, ada ndogo. Oktoba 2007 mpaka Machi 2009 ile fahirisi ilipoteza kama asilimia 57. Nilikuwa naamka saa kumi za usiku naangalia salio, kama vile nikiangalia litaona haya lipande. Februari 2009 nikauza vyote. Nikajiambia nitarudi mambo yakitulia. Unajua chini kabisa ilikuwa lini? Tarehe 9 Machi. Wiki chache tu baada ya mimi kutoka.

Mambo yalitulia kweli, lakini siku ya kutulia haipigi hodi. Nilirudi 2013, nikanunua vipande vile vile kwa karibu mara mbili ya bei niliyouzia. Mfuko haukuwa na kosa lolote. Mwenye kosa alikuwa mimi na simu yangu usiku wa manane.

Kwa hiyo swali langu kwako kabla ya namba 1 au namba 3: salio likiwa nusu, utafanya nini?

---

Mwanagenzi24

Shikamoo mzee. Asante kwa kusema ukweli. Sijui nitafanya nini, sijawahi kuliona likishuka.

Kikokotoo, nimefungua zile karatasi. Kweli kabisa ni majina yale yale, nimejisikia mjinga kidogo. Kwa hiyo hatifungani? Shangazi yuko sahihi?

---

NdiyoHapana

Ngoja nimwage maji kwenye sherehe. Wote mnaongea kama hisa lazima zirudi. Nikkei, fahirisi ya hisa za Japani, ilifunga 38,915 mwisho wa Desemba 1989. Iliivuka namba hiyo Februari 2024. Miaka 34! Mjapani aliyeanza kazi 1989 alikaribia kustaafu akiisubiri. Nani amekuhakikishia Marekani haitakuwa Japani?

---

Kikokotoo

Hakuna aliyehakikisha, na hiyo ndiyo sababu ya kwenda na dunia nzima badala ya nchi moja. Ila mfano wa Japani una mambo mawili watu huyaruka. Ile namba haihesabu gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Na ni ya mtu aliyeingiza kila kitu siku moja, siku ya bei ya juu kuliko zote. Mtu wa 150 kila mwezi alikuwa akinunua pia wakati Nikkei iko chini ya 8,000 mwaka 2009. Vipande alivyovipata mwaka huo vilikuwa vimeshamlipa zamani kabla ya 2024.

Sisemi angefurahi. Miaka ile ilikuwa mirefu.

Kuhusu hatifungani: kwa miaka 40 adui wa dada ni mfumuko wa bei kuliko kupanda na kushuka kwa soko. Hatifungani peke yake zitamlaza usingizi halafu zimwamshe akiwa na hela isiyonunua kitu. Lakini kidogo si dhambi. Warren Buffett, yule mwekezaji tajiri wa Marekani ambaye hana haja ya kumfurahisha mtu, aliandika kwenye barua yake kwa wanahisa iliyotoka 2014 kwamba fedha atakazomwachia mkewe ziwekwe asilimia 90 kwenye mfuko wa S&P 500 wa ada ndogo na 10 kwenye hatifungani za serikali za muda mfupi. Kama kale kaasilimia kumi ndiko katakakokuzuia kuuza kwa hofu, kameshajilipia. Ila usizitegemee kuwa ngao ya kila hali. Mwaka 2022 hisa na hatifungani zilishuka pamoja.

---

MlinziWaAkiba

Mbona hamjauliza la msingi? Dada, una akiba ya dharura nje ya hiyo akaunti? Miezi mitatu ya matumizi angalau? Na mwajiri wako, ana mpango wa kuchangia ukichangia? Kama upo na hujaujaza, hiyo ndiyo faida ya kwanza duniani, hakuna fahirisi inayoishinda. Madeni ya riba kubwa pia yalipwe kwanza. Hayo yakikaa sawa ndiyo tubishane Nasdaq.

---

Mwanagenzi24

Akiba ya dharura ninayo ya miezi minne, nimeiweka kando. Mwajiri anachangia na nimejaza mpaka mwisho wa kiwango chake. Deni sina. Hii akaunti ni ya ziada.

---

MlinziWaAkiba

Miaka 24? Mimi kwa umri huo nilikuwa nakopa nauli. Endelea.

---

MamaHesabu

Mwanangu, nimesoma uzi wote na kuna kitu kinanikereketa tangu mstari wa kwanza. Nimefanya ukaguzi wa hesabu karibu maisha yangu yote, na namba ya mviringo hunikosesha raha.

150 mara 14 ni 2,100. Kamili. Si 2,096.40, si 2,212.75. Na umeandika kwamba haijawahi kushuka hata siku moja. Mfuko wa hisa unaokaa miezi 14 bila kushuka siku hata moja, na bila kupanda hata senti, haupo chini ya jua.

Naomba ufungue programu. Usiuze, usinunue, usibonyeze chochote. Tafuta palipoandikwa fedha taslimu, au salio lisilowekezwa, au maneno ya namna hiyo. Halafu nenda kwenye kila mfuko kati ya ile minne uangalie idadi ya vipande unavyomiliki. Tuletee namba.

---

MpitaNjia

Eh! Kigoda nimekisogeza mbele.

---

Mwanagenzi24

Mama.

Fedha taslimu: 2,100.00

Vipande: 0, 0, 0, 0.

Ile mifuko ina alama ya nyota pembeni. Niliibonyeza ikawa ya njano, nikadhani ndiyo nimechagua. Kumbe ni orodha ya kufuatilia tu. Miezi kumi na minne. Nimekaa na simu mkononi sijui nicheke au nilie.

---

MpitaNjia

Kwa hiyo siku nzima tumevuana mashati kwa ajili ya mifuko minne ambayo dada hana hata mmoja 😂😂 Samahani dada, ulisema tusicheke.

---

MamaHesabu

Cheka, mwanangu, ukalie baadaye. Si wewe wa kwanza, na wengine wanaigundua siku ya kustaafu. Akaunti ni kabati, mfuko ndio nguo. Wewe ulinunua kabati, ukawa unarundika hela ndani yake kila mwezi ukidhani unapanga nguo. Wanaotengeneza programu hizi nao wana lawama. Kitufe cha kuweka hela wanakipaka rangi kubwa, cha kununua unakitafuta kwa tochi.

Kupoteza umepoteza ukuaji wa miezi 14 kwa kiasi kidogo. Hela yako yote ipo. Ingekuwa miaka 14 ningekupigia makelele.

---

Sikubaliani

Tena afadhali. Amepata bahati ya kuchagua upya bila kuuza chochote.

---

MzeeWaVipande

Binti, nimecheka peke yangu hapa mpaka mke wangu akauliza kuna nini. Sasa tuanze upya. Usinunue usiku huu. Lala kwanza.

---

Kikokotoo

Sawa, tukianza upya, mimi ningekushauri hivi. Mfuko mmoja. Unaofuata dunia nzima, nchi zilizoendelea na zinazoinukia pamoja. Tazama vitu hivi kwenye ile karatasi: jina kamili la fahirisi (sio jina la mfuko, jina la fahirisi, maana mifuko hupenda majina matamu), ada ya mwaka, ukubwa wa mfuko ili usije ukafungwa kwa kukosa watu, na jinsi unavyoifuata fahirisi yake. Hili la mwisho linapatikana kwa kulinganisha faida ya mfuko na ya fahirisi, mwaka kwa mwaka. Mfuko mzuri hubaki nyuma kidogo tu, karibu sawa na ada yake. Ukiona unabaki nyuma zaidi ya hapo kila mwaka, kuna kitu kinavuja.

Kitu kingine ni gawio. Kuna mifuko inayokutumia gawio kama hela na kuna inayolirudisha ndani yenyewe. Kwa mtu mwenye tabia ya kuacha hela ilale kama fedha taslimu (samahani), chagua ule unaolirudisha ndani. Angalia tu sheria za kodi za nchi yako zinasemaje kwa akaunti ya aina hiyo.

---

Sikubaliani

Kwa nini asichukue ule mfuko wa mwaka wa kustaafu? Anachagua mwaka, tuseme 2065, mfuko unaanza na hisa nyingi halafu wenyewe unaongeza hatifungani kadiri anavyozeeka. Hakuna kufikiri. Kwa mtu aliyebonyeza nyota miezi 14 ndio dawa.

---

Kikokotoo

Ni wazo zuri kuliko watu wanavyolipa heshima. Sharti moja: aangalie ada. Kuna ya bei rahisi iliyojazwa mifuko ya fahirisi ndani, na kuna ya bei kali yenye meneja ndani, na kwa nje zote zinafanana. Akipata ya ada ndogo sina pingamizi.

---

MbioZaChipu

Mnamnyima dada utamu kabisa. Angalau asilimia kumi aweke Nasdaq.

---

MzeeWaVipande

Kumi haimuui. Ila aandike leo sababu ya kuiweka, na aandike atafanya nini ikishuka asilimia 78. Kama karatasi hiyo hawezi kuijaza, asiweke.

---

NdiyoHapana

Mimi bado sina imani na mambo ya fahirisi kwa ujumla. Kila mtu akinunua orodha nzima kwa upofu, nani atabaki kuchunguza kampuni ipi imeoza?

---

Kikokotoo

Swali la haki, na watu wakubwa wanalibishania. Lakini kwa mtu mwenye 150 kwa mwezi nakupa historia tu. John Bogle alipoanzisha mfuko wa kwanza wa fahirisi kwa watu wa kawaida kupitia kampuni yake ya Vanguard, Marekani, mwaka 1976, alitegemea kukusanya dola milioni 150. Alipata milioni 11 na kidogo. Wakauita upumbavu wa Bogle. Hoja ilikuwa hii hii: nani anataka kuwa wa kawaida? Kisha Buffett akaweka dau kwamba kwa miaka kumi, 2008 mpaka 2017, mfuko wa S&P 500 utaishinda mifuko mitano iliyochaguliwa na wataalamu, ambayo kila mmoja ulikuwa umewekeza kwenye mifuko mingine mingi ya mameneja wa gharama kubwa. Ule wa fahirisi ulipanda asilimia 125.8. Katika ile mitano hakuna uliofika hapo. Na kumbuka dau lilianza mwaka ambao soko lilianguka, yaani lilianza vibaya.

Orodha nayo inajisafisha. Kampuni ya General Electric ilikuwa kwenye orodha ya kwanza kabisa ya Dow, fahirisi kongwe ya Marekani, 1896. Ilitolewa 2018. Aliyekuwa na mfuko hakuhitaji kuijua hiyo habari.

---

Mwanagenzi24

Nimelala siku mbili. Nimeamua: mfuko mmoja, unafuata FTSE All-World, ada asilimia 0.19, gawio linarudi ndani. Sijaweka Nasdaq, MbioZaChipu nisamehe, nilijaribu kuijaza ile karatasi ya mzee nikaishia mstari wa kwanza. Hatifungani asilimia 10, kwa ajili ya shangazi na kwa ajili ya usingizi wangu mwenyewe.

Swali la mwisho. Hii 2,100 niiingize yote kwa mkupuo au niikate vipande vya miezi? Nikiingiza leo soko likaanguka kesho?

---

MamaHesabu

Ungekuwa umenunua tangu mwezi wa kwanza kama ulivyodhani, leo yote ingekuwa ndani. Ingiza yote.

---

MzeeWaVipande

Mimi ningeikata mara tatu. Najua hesabu hazinisapoti. Ni moyo.

---

Kikokotoo

Hesabu ziko upande wa mama. Soko hupanda mara nyingi kuliko linavyoshuka, kwa hiyo hela inayosubiri nje kwa kawaida inachelewa. Lakini kati ya kuikata mara tatu na kuiingiza mara moja kwa tumbo kuuma, kwa kiasi hiki tofauti ni ndogo. Chagua unaloweza kulitekeleza leo. Kubwa zaidi ni kuweka agizo la kununua kiotomatiki. Siku ya 28 hela inaingia, siku ya 29 inunue yenyewe. Usipoweka hilo utarudi hapa baada ya miezi 14 mingine.

---

Mwanagenzi24

Nimeingiza yote. Nilibonyeza nunua, nikaulizwa "una uhakika?", nikabonyeza tena, nikawa natetemeka kama naolewa. Agizo la kila tarehe 29 nalo nimeliweka, nimelihakiki mara mbili, nimepiga picha ya skrini.

Mfuko wa dunia vipande 15.75, wa hatifungani vipande 4.2. Sikujua unaweza kumiliki robo tatu ya kipande.

Na programu nimeitoa kwenye ukurasa wa kwanza wa simu, mzee. Mpaka uitafute.

---

MzeeWaVipande

Umenizidi akili, mimi ilinichukua miaka kumi kuitoa.

---

Mwanagenzi24

Wakuu, samahani, najua nilisema sitaangalia. Nimeangalia. Leo ni siku ya tatu na salio ni 2,087.30. Imeshuka! Ile ya mviringo imekwenda. MamaHesabu, nifanye nini?

---

MamaHesabu

Hakuna cha kufanya, mwanangu. Hiyo namba sasa naiamini.